Kwenda Mbeya kwa Basi: Shajara ya Julai

Jumatano, 10 Julai 2024. Dar es Salaam

Mdogo wangu amepata ajira, anatakiwa kuripoti Mbeya mwezi ujao. Nyumbani ni vigelegele, ila tangu jana usiku mimi na yeye tunabishana kuhusu basi. Yeye anataka la usiku. Anasema tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri saa 24, sasa ya nini kupoteza siku nzima kwenye siti? Unapanda jioni, unalala, unaamkia Mbeya. Mimi nasema mara ya kwanza aende mchana. Hajawahi kuvuka Morogoro, na nikimsikiliza naona anadhani Mbeya ni Dar iliyopoa kidogo.

Natangulia mimi Jumamosi, naenda kumwona shangazi Uyole. Nitaandika humu yale ya kumfaa, tena niyaandike palepale njiani, maana mtu akishafika na kula ugali wa moto husahau alivyoteseka.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekata tiketi Mbezi. Tangu mabasi yahame Ubungo na Stendi ya Magufuli kuzinduliwa hapa Mbezi Februari 2021, kufika stendi kwenyewe ni safari. Basi langu linatoka saa 11 alfajiri. Mtu wa Mbagala akitaka kuliwahi itabidi aamke saa 8 usiku, na saa hiyo ni bodaboda au teksi tu. Bora alale kwa ndugu wa Kimara au Kibamba.

Wapiga debe wanakupokea kabla mguu haujagusa chini. "Dada, Mbeya! Imebaki siti moja!" Wanatafuta riziki na sina ugomvi nao, lakini mkoba simpi mtu na hela siitoi mpaka niko mbele ya dirisha la ofisi. Tiketi ya mtandao ina jina lako, namba ya simu, siti, namba ya gari na nauli uliyolipa kweli. Ukipewa kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu, kikatae. Nauli ya juu inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa kilometa, daraja la kawaida na bei yake, daraja la kati na bei yake, na hakuna wakala mwenye ruhusa ya kuipita hata kama ni msimu wa sikukuu.

Nimechagua siti ya dirishani, mkono wa kushoto, katikati ya gari. Watu hawalifikirii hili. Barabara ya Mbeya inaelekea magharibi na kusini-magharibi, na mwezi wa saba jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo kutwa nzima linawachoma waliokaa kulia. Desemba na Januari jua limehamia kusini, hapo geuza. Ila milima mingi mizuri ya njia hii iko kushoto: Uluguru pale Morogoro, na Kipengere ukikaribia Chimala. Katikati ya gari ni kwa sababu ya kona na matuta. Viti vya nyuma kabisa vinarusha, na anayechafukwa na roho kwenye kona ataumia huko.

Sweta, soksi na kofia ya kufuma nimeviweka kwenye mkoba wa mkononi. Vikiingia kwenye buti ndiyo basi, utaviona Mbeya.

Jumamosi, 13 Julai. Njiani

Chalinze, saa moja na robo. Bado joto, bado ni pwani. Jirani yangu ni mzee wa Tukuyu anayerudi nyumbani kutoka kwa mwanawe. Nilimwamkia, akaniuliza ninakwenda kwa nani, nikamwambia. "Uyole? Basi ushukie palepale, binti yangu. Usikubali kupelekwa mpaka mjini halafu urudi." Nimeliandika hili mapema kwa sababu lina maana kubwa kwa mgeni: kabla ya kupanda basi jua unashukia kituo gani, mwambie konda tangu asubuhi, mkumbushe tena Chimala.

Morogoro. Uluguru imevaa mawingu kiunoni. Baadhi ya abiria wamepandia hapa, wametoka Dar na treni ya SGR iliyoanza mwezi uliopita. Wamefika haraka na bila jasho, lakini mmoja anasema alihangaika kupata siti, maana mabasi yanatoka Mbezi yameshajaa. Ukitaka njia hiyo, kata tiketi ya basi kwanza na uandikishe kwamba unapandia Morogoro, ndipo ukate ya treni.

Mikumi. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi. Twiga, pundamilia, swala tele, na tembo watatu mbali upande wa kulia. Dereva amepunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Anayegonga mnyama hulipa faini nzito, na mnyama hutoka porini ghafla. Mtoto wa siti ya mbele alitaka kuwarushia nyani ganda la ndizi, mzee akamzuia kwa upole kabisa. Nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, na barabarani ndipo anapofia. Usiku, hapa pote ungekuwa umelala. Na tembo wangekuwepo vilevile, gizani.

Ruaha Mbuyuni, saa sita. Chakula. Hapa ndipo mibuyu, na vitunguu vimepangwa kwenye nyavu nyekundu kando ya barabara mpaka macho yanachoka. Dereva ametangaza dakika ishirini, na dakika ishirini ni ishirini kweli. Kula kilichokwisha kuiva: wali, ndizi za kuchoma, maharage. Ukiagiza kitu cha kukaangwa utakibeba kwenye mfuko kikichuruzika mafuta. Kabla ya kwenda chooni soma namba ya gari uiandike mkononi, kwa sababu uwanjani kuna mabasi matano ya rangi moja na yote yanawasha injini kwa pamoja. Uwe na sarafu za choo. Na uwe na khanga kwenye mkoba. Mbele huko basi likisimama porini kuchimba dawa, khanga ndiyo mlango wa mwanamke.

Halafu kuna jambo la maji. Wanawake wengi tunaacha kunywa kabisa kuanzia alfajiri ili tusisumbue konda. Kichwa kinachotuuma tukifika Mbeya hatukielewi, tunasema ni baridi au ni urefu wa mlima. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, si kimo cha kumwangusha mtu mzima, lakini hewa yake ni kavu msimu huu na mwili uliokauka njiani hauna pa kushika. Mafunda mawili kila saa yanasaidia, wala hayatakufanya usimamishe basi.

Kitonga. Tumesimama. Lori limeharibika kwenye kona huko juu, na magari yanaruhusiwa kwa zamu. Hii ndiyo njia ya kwenda Zambia na Kongo, ndiyo maana malori hayaishi: ya mafuta, ya makontena, ya shaba yanayoteremka. Yanayoteremka yananuka breki, harufu kali ya kitu kinachoungua inayoingia mpaka ndani ya basi. Nimeangalia lori moja likitupita, mwendo wa mtu anayetembea, dereva ametoa kichwa nje anatazama matairi yake ya nyuma kwenye kioo. Madereva wa hapa ninawaheshimu sana. Lakini ninaandika hili kwa ajili ya mdogo wangu: mlima huu wenye ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, wenye lori bovu lililoegeshwa kwenye kona na matawi yaliyokatwa kama alama ya tahadhari, anataka aupande usiku akiwa usingizini. Matawi hayawaki taa.

Tumefika juu. Masikio yameziba, nikameza mate yakafunguka. Mtoto mdogo mpe anyonye au umpe chupa wakati wa kupanda, asilie kwa maumivu ambayo hawezi kuyasema. Pakiti ya biskuti niliyonunua Mbezi imevimba kama puto. Ni hewa ya pwani iliyofungiwa ndani, na huku nje hewa ni nyepesi. Losheni nayo hufanya hivyohivyo, kizibo kikiwa legevu inamwagika yote kwenye nguo. Itiwe ndani ya mfuko wa nailoni ufungwe fundo.

Iringa, kituo cha Igumbilo, saa tisa. Abiria wote wamekumbuka masweta kwa mara moja. Wasiokuwa nayo wanajikunja.

Mafinga ni misitu ya kupandwa, Sao Hill, miti ya paini iliyonyooka safu kwa safu, na malori ya mbao. Makambako ni upepo. Hapo barabara ya Njombe na Songea inachepuka, na reli ya TAZARA inakutana na barabara yetu. Kutoka Makambako mgeni hudhani ameshapanda milima yote, kumbe tunateremka tena mpaka Igawa na mashamba ya mpunga ya Usangu, joto kidogo linarudi, watu wanavua masweta, halafu tunapanda upya kwenda Mbeya usiku umeingia. Wanaofika wakitetemeka ndio hao waliovua. Usivue.

Jumapili, 14 Julai. Uyole

Tulifika jana saa mbili na nusu usiku kwa sababu ya Kitonga. Nilishukia Uyole, bajaji ikanifikisha mlangoni, bei tumepatana kabla sijakaa. Shangazi alinipokea na blanketi, akanifunika mabega kabla hata ya shikamoo kuisha.

Asubuhi hii nyasi ni nyeupe kwa umande mzito na pumzi inaonekana. Nimewaza juu ya basi la usiku. Likitoka Dar jioni linaingia Mbeya alfajiri, saa 10, saa 11. Hiyo ndiyo saa ya baridi kuliko zote, daladala hazijaanza, gesti nyingi zimefunga geti, na msichana mgeni ana mabegi mawili. Akitaka lazima, basi abaki ndani ya ukumbi wa stendi penye watu mpaka kupambazuke, asikubali kusindikizwa na mtu.

Lakini jambo lililonishika kuliko yote leo ni jiko la mkaa. Binti wa jirani amepanga chumba kimoja, na jana jioni alipika chumbani, kisha akataka kuliacha jiko ndani limpashe moto usiku. Shangazi alilisikia akaenda mwenyewe, na fimbo yake, akalitoa nje. "Mwanangu, mlango umefunga, dirisha umeziba kwa gunia, halafu unalala na moto? Unataka tukuzike?" Kila msimu wa baridi kuna watu nyanda hizi wanaokutwa asubuhi wamekufa kitandani, familia nzima, na jiko katikati. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huhisi kukabwa. Unasikia kichwa kizito na usingizi mtamu, na usingizi huo ndio kifo chenyewe. Mtu wa pwani hajui hili kwa sababu hajawahi kuhitaji moto chumbani. Gesti nyingine mhudumu kwa wema wake atakuletea jiko ukilalamika baridi. Omba blanketi la pili. Omba maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, uifunge kwa kitambaa uweke miguuni. Jiko lirudi nje hata kama makaa yameshika majivu, kwa maana yakiwa hivyo ndiyo yanadanganya zaidi.

Nimemwandikia mdogo wangu ujumbe huu sasa hivi, sikungoja kurudi.

Jumatatu, 15 Julai

Mjini. Jiji hili ni refu kuliko pana, limejinyoosha kandokando ya barabara kuu ya Zambia: Uyole mashariki, Mwanjelwa katikati, Iyunga penye stesheni ya TAZARA na Mbalizi magharibi. Mji wa zamani, uliokua tangu mwaka 1927 enzi za dhahabu ya Lupa, uko kaskazini mwa barabara, juu kidogo, chini ya Mlima Loleza. Ukilielewa hilo hupotei. Daladala nyingi zinafuata mstari huohuo mmoja, unachouliza tu ni unakwenda "juu" au "chini".

Barabara inapanuliwa kuwa njia nne, kuna vumbi na foleni. Anayewahi basi la asubuhi ahesabu muda wa ziada. Tena ajue basi lake linaondokea wapi: stendi kuu ya mjini, au Nane Nane, upande huu wa Uyole karibu na viwanja vya John Mwakangale. Magari ya Tukuyu na Kyela yako Nane Nane. Na mwanzoni mwa Agosti, maonesho ya wakulima yakianza kwenye viwanja hivyo, vyumba vya karibu vinajaa. Mdogo wangu anaingia wakati huohuo. Lazima awe na pa kufikia kabla ya kupanda basi.

Mwanjelwa nilikula ndizi na mbasa wa Ziwa Nyasa, samaki mnono ambaye Dar humpati. Nikanunua sweta la mtumba zito la sufu. Hili nalo aliandike: asinunue masweta Dar, ya Dar ni mepesi. Mbeya wanajua sweta.

Loleza unaonekana kila unapogeuka, zaidi ya mita 2,600, na minara ya mawasiliano kileleni. Vijana wanaupanda asubuhi na kurudi mchana. Kama atataka, aende na wenyeji, aanze mapema kabla ya mawingu kukaa juu, na avae viatu vyenye meno. Kilele cha Mbeya, upande wa magharibi, ni kirefu zaidi, kinapita mita 2,800, na hicho ni cha siku nzima.

Jioni amenipigia. "Dada, nimekata ya mchana. Siti ya kushoto." Nimemshukuru Mungu.

Jumanne, 16 Julai

Rungwe. Kosta ya Tukuyu kutoka Nane Nane hujaza ndipo iondoke, kwa hiyo ukiwahi unakaa, ukichelewa unakaa lakini kwenye ndoo. Barabara inapanda Uporoto kwenye mashamba ya viazi, baridi kali kuliko mjini, halafu inateremkia kwenye migomba na chai. Mlima Rungwe uko kushoto, volkano iliyolala, karibu mita 2,960. Tukuyu mvua haina adabu ya msimu, hata Julai nilinyeshewa. Mwavuli, na viatu visivyo vya kitambaa.

Mpango wangu ulikuwa Ziwa Ngosi, maji ya kijani ndani ya shimo la volkano. Nimeacha. Ni kutembea masaa kwenye msitu wenye tope, pembeni mwa ukingo mkali, unahitaji mtu wa kukuongoza na kutoka Mbeya saa 12 asubuhi ili usikutwe na giza. Mtu mwenye nusu siku aende Daraja la Mungu, upinde wa mawe ya lava juu ya Mto Kiwira. Bodaboda inakufikisha kutoka barabara kuu. Nilisimama pale muda mrefu. Maji yalikuwa yanapita chini ya jiwe ambalo zamani lilikuwa moto unaotiririka, na juu yake majani yanaota.

Kurudi, gari la mwisho lenye nafasi linaondoka mapema kuliko unavyodhani. Saa kumi uwe barabarani.

Alhamisi, 18 Julai. Kurudi

Wakati huu nimekaa kulia ili niione Kipengere, maana Jumamosi giza lilininyima. Pale Chimala ukuta wa mlima unasimama wima kutoka uwandani, na barabara ya Matamba inaukwea kwa kona 57. Huko juu ni Kitulo, hifadhi ya maua tangu 2005, inayochanua kuanzia Desemba mpaka Aprili. Mdogo wangu atakuwa mwenyeji kufikia hapo. Atanipeleka yeye.

Mzigo: viazi gunia moja, mchele wa Kyela, maparachichi. Viazi na mchele nimevilipia ofisini nikapewa stakabadhi, nikafunga kitambaa chekundu kwenye gunia, kwa sababu magunia yote ya viazi yanafanana na huko Mbezi usiku kila mtu ana haraka. Usipatane na utingo mlangoni gari linapowaka, hapo bei ni ya kwake. Maparachichi nimechagua magumu, nimekaa nayo miguuni. Ndani ya buti, joto la Ruaha lingeyapika.

Chupa ya maji niliyoifunga Uyole imebonyea pande zote tulipofika Mikumi.

Kesho nimpigie shangazi kuhusu chumba cha mdogo wangu kule Ilomba. Aulize maji yanatoka siku zipi, mita ya umeme ni ya pamoja au ya kila mpangaji, kutoka hapo mpaka kituo cha daladala ni dakika ngapi kwa miguu, na dirisha linafunguka au limepigwa misumari.